Ukubwa wa rafadha si kasi ya ndege: Jinsi ya kuteua rafadha ya ndege ndogo ya mbio

RAFADHA ya inchi sita ni kifaa chepesi kinachotoshea kwenye kiganja cha mkono. Lakini inapozunguka mara 25,000 kwa dakika, ncha zake hupasua hewa kwa kasi ya takriban kilomita 720 kwa saa. Katika kasi hiyo, gramu moja tu ya uzito iliyoko kwenye ncha huvutwa nje kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 53, yaani zaidi ya mfuko mzima wa saruji.

Hiyo si rafadha ya ndege inayobeba abiria. Ni ya ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio, uraibu ambao huwavutia vijana wa shule na wahandisi wastaafu vilevile. Hata hivyo, wengi wanaoanza uraibu huu huteua kifaa hicho kwa kukisia, au kwa kuchukua kikubwa zaidi kinachoweza kutoshea kwenye pua ya ndege.

Matokeo huwa ni ya aina tatu. Ndege hukataa kwenda kasi licha ya kelele nyingi. Au mota, betri na kidhibiti mwendo huungua. Au rafadha yenyewe huvunjika na vipande vyake kumrukia aliye karibu. Mambo hayo matatu yanaweza kuepukwa na yeyote anayejua kuzidisha na kugawanya.

Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Kwa rafadha, msemo huo ni kweli tupu.

Nambari mbili

Kila rafadha, au pangaboi kama wengine wanavyoiita, huchapishwa nambari mbili, kwa mfano 6x4 au 10x5. Vipimo hivyo aghalabu huwa katika inchi. Nambari ya kwanza ni kipenyo, yaani urefu kutoka ncha moja hadi nyingine. Ya pili ni hatua.

Hatua ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja iwapo hewa ingekuwa ngumu kama mbao. Mfikirie fundi anayekaza skrubu: kila akiizungusha mara moja, huzama kiasi fulani. Skrubu yenye meno yaliyolala huzama kidogo kidogo, na yenye meno yaliyoinama sana huzama haraka lakini huhitaji mkono wenye nguvu.

Kwa hivyo, rafadha ya 6x4 ina kipenyo cha inchi sita, na ingesonga inchi nne kwa kila mzunguko. Hewa si mbao, bila shaka, na rafadha huteleza kiasi. Lakini hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila uamuzi unaofuata.

Mlinganisho wa skrubu, hata hivyo, una mipaka yake. Ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, walipokuwa wakiunda ndege yao iliyoruka Desemba 17, 1903, walitambua kwamba rafadha kwa hakika ni bawa linalozunguka. Bapa la rafadha huinuliwa na hewa kama bawa linavyoinuliwa, ila kuinuliwa huko huelekea mbele badala ya juu. Ndege yao ilikuwa na rafadha mbili za kipenyo cha futi nane na nusu, zilizozungushwa kwa minyororo na injini ya nguvu-farasi 12 hivi.

Kwa kuwa rafadha ni bawa, linaweza kuzidiwa kama bawa lolote. Bapa likikutana na hewa kwa mwinamo mkali mno, hewa huacha kulifuata, msukumo hupungua na nguvu za mota hupotea bure. Jambo hili tutalirejelea.

Kasi huanzia kwenye hatua

Anayetaka ndege ya mwendo wa kasi hana budi kuanza na hatua, wala si kipenyo. Ndege haiwezi kuipita kwa mbali kasi ambayo rafadha yake inaisukuma hewa nyuma. Hicho ndicho kikomo chake.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha hatua kwa inchi na idadi ya mizunguko kwa dakika, kisha ugawanye kwa 656. Jibu ni kasi ya rafadha kwa kilomita kwa saa.

Tuchukue hatua ya inchi nne na mizunguko 19,000. Nne mara 19,000 ni 76,000. Ukigawanya kwa 656 unapata takriban kilomita 116 kwa saa. Kwa rafadha hiyo, hakuna nguvu ya mota itakayoipeleka ndege kwa kilomita 150 katika hewa tulivu bila kuizungusha kwa kasi zaidi. Mwenye ndege atasikia kelele, ataona betri ikiisha, lakini kikomo ni kilekile.

Badilisha hatua iwe inchi sita na mizunguko ibaki vivyo hivyo, na kasi ya rafadha inapanda hadi takriban kilomita 174. Ndege yenyewe itafikia pungufu kidogo. Iliyo nyembamba na nadhifu inaweza kukadiriwa kufikia asilimia 80 hadi 90 ya kasi hiyo. Yenye magurudumu makubwa na waya zinazoning'inia hubaki nyuma zaidi.

Sharti pia ikumbukwe kwamba nambari ya hatua si kipimo kamilifu. Rafadha mbili za watengenezaji tofauti zinaweza kuandikwa 6x4 zote na bado zisifanane angani, kwa sababu umbo la bapa na namna ya kulipima hutofautiana.

Kipenyo ndicho hulipisha

Iwapo hatua huamua kikomo cha kasi, kipenyo huamua gharama. Hapa ndipo wengi huunguza vifaa vyao.

Kwa mizunguko ileile, kuongeza hatua kutoka inchi nne hadi tano huongeza mzigo wa mota kwa takriban robo. Lakini kuongeza kipenyo kutoka inchi sita hadi saba, hatua ikibaki ileile, huufanya mzigo huo ukaribie mara mbili. Inchi moja hiyo, ambayo machoni pa mnunuzi ni tofauti ndogo, ndiyo inayotofautisha mota yenye joto la kawaida na mota inayotoa moshi.

Mizunguko nayo ina bei yake. Ongezeko la asilimia 10 la mizunguko huhitaji nguvu zaidi kwa takriban asilimia 33.

Ukinzani wa hewa ni mkali vivyo hivyo. Ndege inayotaka kuongeza kasi yake maradufu, kutoka kilomita 100 hadi 200 kwa saa, huhitaji nguvu karibu mara nane. Ndiyo maana mwenye ndege ya mbio hana nguvu za kupoteza kwa kipenyo asichokihitaji. Hupunguza kipenyo ili apate nafasi ya kuongeza hatua na mizunguko.

Kuna sababu nyingine ya kuepuka kipenyo kikubwa. Rafadha ya inchi tisa ikizungushwa mara 25,000 kwa dakika, ncha zake hufikia takriban mita 299 kwa sekunde, ilhali sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Ncha zinapoikaribia kasi ya sauti, ukinzani hupanda ghafla, kelele huzidi na sehemu ya nguvu hupotea. Rafadha ya inchi sita kwa mizunguko hiyohiyo hubaki kwenye mita 200 hivi, mahali salama.

Mshika mbili moja humponyoka

Msomaji anaweza kuuliza: iwapo hatua kubwa huleta kasi, kwa nini tusiweke kubwa kupindukia? Jibu liko katika sekunde za kwanza za safari.

Ndege ikiwa imesimama, au imetoka tu mkononi mwa anayeirusha, hewa haiingii kwenye rafadha kwa kasi. Bapa lenye hatua kubwa hukutana na hewa kwa mwinamo mkali, likazidiwa. Hapo mota hunguruma na betri hutoa umeme mwingi, lakini msukumo ni haba. Ndege huzama nyasini kabla haijapata kasi ya kuokoa hali.

Tatizo hilo si la ndege ndogo pekee. Mnamo Septemba 1931, ndege ya Uingereza ya Supermarine S.6B ilishinda kombe la Schneider, na baadaye mwezi huohuo ikaweka rekodi ya dunia ya zaidi ya maili 400 kwa saa, sawa na kilomita 655 hivi. Rafadha yake ilikuwa ya hatua isiyobadilika, iliyoteuliwa kwa ajili ya kasi ya juu. Kwa hivyo, ndege hiyo yenye nguvu nyingi ilitaabika kuondoka majini. Marubani walihitaji mbio ndefu juu ya maji kabla rafadha kuanza kuishika hewa vyema.

Ndege kubwa zilitatua shida hiyo kwa rafadha zinazobadilisha mwinamo wa mabapa zikiwa angani. Ndege ndogo za mfano kwa kawaida hazina anasa hiyo. Mwenyewe lazima ateue: ama kuondoka kwa urahisi, ama kasi ya juu, ama mahali fulani katikati.

Kipimo kinachosaidia ni kugawanya hatua kwa kipenyo. Ndege za wanafunzi hutumia rafadha kama 10x5 au 11x6, ambapo hatua ni takriban nusu ya kipenyo. Ndege za kasi hukaribia kulinganisha nambari hizo mbili. Hatua ikikizidi kipenyo, anayerusha awe na mkono wenye nguvu, au ndege iwe na uwanja mrefu wa kuondokea.

Mabapa mangapi?

Rafadha za mabapa matatu au manne hupendeza machoni, na hufaa pale ambapo hakuna nafasi ya kipenyo. Lakini kwa kasi, mabapa mawili yanatosha, kwani kila bapa huvuruga hewa na kuongeza ukinzani.

Mbio za kimataifa za daraja la F2A, ambamo ndege hufungwa kwa nyaya na kuzungushwa duara, zinaonyesha umbali ambao wanamichezo wako tayari kwenda. Injini zake ni za sentimita 2.5 za ujazo tu, na kasi hukaribia kilomita 300 kwa saa. Wengi wao hutumia rafadha ya bapa moja, upande wa pili ukiwa na kipande cha uzito cha kusawazisha.

Katika daraja la F3D, ambako ndege huongozwa kwa redio, washindani huzunguka milingoti mitatu mara 10, jumla ya kilomita nne. Walio hodari humaliza kwa takriban dakika moja, maana yake ni wastani wa kilomita 240 kwa saa, kona zikiwemo. Katika mbio kama hizo, rafadha lazima iirejeshee ndege kasi inayopotea kwenye kila kona. Kila chombo kwa wimbile: rafadha inayofaa kwa mstari ulionyooka si lazima ifae kwenye kona.

Nairobi si Mombasa

Mwongozo mwingi wa uraibu huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kwa Wakenya, jambo hili lina uzito wa kipekee.

Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la kawaida la miji hiyo miwili, hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Eldoret, iliyo juu zaidi, tofauti hukaribia asilimia 20.

Katika hewa nyepesi, rafadha hupata mzigo mdogo. Mota ya umeme, ambayo haipumui hewa, haipotezi nguvu zake. Huzunguka kwa kasi kidogo zaidi na kutumia umeme pungufu. Ukinzani dhidi ya ndege nao hupungua. Kwa hivyo, mtu wa Nairobi anaweza kumudu hatua au kipenyo kikubwa kidogo kuliko kile kinachopendekezwa na mtengenezaji.

Hatari iko katika safari ya kurudi chini. Aliyepima vifaa vyake Nairobi hadi ukingoni mwa uwezo, kisha akashuka navyo Mombasa wakati wa likizo, atakuta hewa nzito na joto kali kwa pamoja. Rafadha ileile itadai umeme zaidi, na kidhibiti ambacho kilikuwa kikistahimili kwa shida kinaweza kuungua katika safari ya kwanza.

Injini za mafuta ni tofauti. Nazo hupumua hewa hiyohiyo nyepesi, hivyo nguvu zake hupungua sambamba na mzigo wa rafadha, na mchanganyiko wa mafuta na hewa huhitaji kurekebishwa.

Aidha, mabawa nayo huhisi tofauti hiyo. Ili kubebwa na hewa ya Nairobi, ndege huhitaji kuondoka kwa kasi iliyo juu kwa takriban asilimia tisa kuliko pwani. Kwa anayerusha kwa mkono ndege yenye rafadha ya hatua kubwa, hiyo ni sababu nyingine ya kutozidisha tamaa.

Utaratibu wa kuteua

Kwanza, amua kasi unayotaka na uongeze asilimia 20 hivi. Kwa lengo la kilomita 150, tafuta rafadha yenye kasi ya takriban 180.

Pili, kadiria mizunguko. Mota za umeme huandikwa herufi Kv, ambazo huonyesha mizunguko kwa kila volti moja pasipo mzigo. Mota ya Kv 2,200 kwa betri ya lithiamu ya seli tatu, yenye volti 11.1, ingezunguka 24,420 ikiwa huru. Ikibeba rafadha, kadiria robo tatu hadi asilimia 80 ya idadi hiyo, tuseme 19,000.

Tatu, tafuta hatua. Zidisha 180 kwa 656, kisha ugawanye kwa 19,000. Jibu ni inchi 6.2, kwa hivyo hatua ya inchi sita inafaa.

Nne, na hapa ndipo subira huhitajika, anza na kipenyo kidogo kuliko unachodhani kinafaa, kwa mfano inchi tano na nusu. Funga ndege imara, unganisha mita ya wati kati ya betri na kidhibiti, na upime umeme kwa sekunde chache mota ikiwa katika nguvu zake zote. Iwapo kidhibiti ni cha ampea 40, usivuke 32 hivi. Nafasi ikibaki, ongeza kipenyo kidogo na upime tena.

Tano, rusha ndege kwa dakika moja au mbili, itue, kisha uguse mota, betri na kidhibiti. Kikiwepo kisichogusika kwa joto, rafadha ni kubwa mno hata kama mita ilisema vinginevyo.

Wengine hushangaa kuona rafadha yenye msukumo mkubwa zaidi ardhini ikishindwa angani na ile iliyoonekana dhaifu. Msukumo wa ndege iliyosimama haupimi kasi. Rafadha ya hatua kubwa huanza kazi yake ndege ikishaenda mbio.

Ufa hauzibwi

Nguvu ya kilo 53 kwa kila gramu iliyotajwa mwanzoni ndiyo sababu ya kusoma kikomo cha mizunguko kabla ya kununua. Kampuni ya APC ya Marekani, kwa mfano, hutoa kanuni tofauti kwa aina tofauti za rafadha zake. Kwa zile za injini za mafuta, gawanya 190,000 kwa kipenyo cha inchi. Kwa zile za ndege za umeme za mwendo wa pole, gawanya 65,000.

Maana yake ni kwamba rafadha mbili za inchi 10, zinazofanana machoni pa asiyejua, zina vikomo vya 19,000 na 6,500. Kuichukua ile ya pili na kuifunga kwenye mota ya mbio ni kutengeneza kombora.

Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa rafadha, ufa hauzibwi kwa gundi wala kwa utepe. Rafadha yenye ufa, mkwaruzo wa kina au ncha iliyomeguka huvunjwa na kutupwa, ili asitokee mwingine wa kuiokota na kuitumia. Iliyo nzima nayo isawazishwe kabla ya kufungwa, kwani tofauti ndogo ya uzito kati ya mabapa hutikisa mota hadi ikaharibika.

Mtu yeyote asisimame ubavuni mwa rafadha inayozunguka, kwa kuwa kipande kikikatika hurukia upande huo. Watazamaji, hasa watoto, wakae nyuma ya anayeongoza ndege. Betri iunganishwe mwisho, wakati wa kuruka umefika, na ikatwe kwanza ndege ikishatua. Mota ya umeme haitoi onyo. Huanza mara moja kwa kosa dogo la kidole kwenye redio.

Pia, kabla ya kutafuta uwanja, ni vyema kupata maelekezo ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA), ambayo husimamia vyombo vya angani visivyo na rubani chini ya kanuni zilizotolewa mwaka 2020. Ndege ya kilomita 150 kwa saa hukata zaidi ya mita 40 kwa sekunde moja. Haina nafasi katika kiwanja cha mtaani wala karibu na barabara.

Rafadha ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu zaidi kwenye ndege nzima, lakini ndiyo huamua iwapo vile vya bei ghali vitadumu. Mwenye busara hununua tatu au nne za vipimo vinavyokaribiana, hupima kila moja, na huandika matokeo daftarini: mahali, joto, ampea na kasi. Baada ya siku chache uwanjani, daftari hilo litamfaa kuliko ushauri wowote wa dukani.